Kubahatisha Kuna Wakati Wake

Watu wengi waliowahi kukutana na Minesweeper walibofya mara tatu, ikawalipukia, wakarudi zao kwenye karata. Katika ofisi za miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, kompyuta ikiwa moja kwa idara nzima na intaneti bado hadithi, michezo iliyokuja na Windows ndiyo ilikuwa burudani pekee ndani ya lile boksi. Karata zilipendwa na kila mtu, maana hata aliyeshindwa hakuona aibu: karata zimekataa, basi. Minesweeper haikukuachia kisingizio hicho. Ulibofya wewe mwenyewe, kwa kidole chako, na kile kiuso cha njano pale juu kikafa papo hapo, macho yamegeuka misalaba miwili. Wengi wakaamua kwamba ni mchezo wa bahati nasibu, tena bahati yenyewe mbaya, wakaufunga na hawakuufungua tena.

Mimi nataka kuutetea. Si mchezo wa kupendeza macho, hauna muziki wala hadithi, na mtu akikusimamia nyuma ukiucheza hawezi kujua unafanya nini. Lakini katika michezo midogo yote niliyowahi kupotezea muda, sijaona mwingine unaomdai mchezaji jambo moja kwa ukali namna hii: kwamba kwa kila hatua ajue kama anajua, au anadhania tu. Wanaouweza wameligeuza dai hilo kuwa ufundi, na ufundi wao unastahili kutazamwa taratibu.

Kwa asiyeujua, sheria zake zinaenea kiganjani. Ubao umejaa visanduku vilivyofunikwa, na baadhi vina mabomu. Ukifunua kisicho na bomu unakuta namba, na namba hiyo inakwambia kitu kimoja tu: katika visanduku vinane vinavyokizunguka, vingapi vina bomu. Moja imeandikwa kwa bluu, mbili kwa kijani, tatu kwa nyekundu, nne kwa bluu iliyoiva, tano kwa rangi ya damu ya mzee. Nane ni ya kijivu, na wapo waliocheza miaka nenda miaka rudi hawajaiona. Kisanduku kisichopakana na bomu lolote hakiandikwi kitu, na ukikigusa, eneo zima lililo wazi hufunguka kwa mkupuo. Ukishajua bomu liko wapi unapachika bendera kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Unashinda ukifunua kila kisichokuwa bomu, na hapo kile kiuso huvaa miwani ya jua. Ubao wa wanaoanza una visanduku 81 na mabomu 10. Wa kati 256 na mabomu 40. Wa mabingwa, 30 kwa 16, una visanduku 480 na mabomu 99.

Mchezo kama tulivyoujua uliandikwa na Robert Donner na Curt Johnson, wafanyakazi wa Microsoft. Ulitoka mwaka 1990 katika kifurushi cha michezo kilichouzwa pembeni, na mwaka 1992 ukaingizwa ndani ya Windows 3.1 yenyewe. Wazo halikuanza nao. Mwaka 1983 Mwingereza Ian Andrew alikuwa ametoa Mined-Out kwa ajili ya kompyuta ya ZX Spectrum, na mwaka 1985 ukaja Relentless Logic. Katika hiyo miwili kulikuwa na mtu wa kuvusha: unatembea ndani ya uwanja wa mabomu, namba zinakuonya, ukifika ng'ambo umepona na yaliyobaki nyuma si kazi yako. Katika ule wa Donner na Johnson mpita njia hayupo. Sasa hakuna ng'ambo ya kukimbilia, ni lazima ubao wote usafishwe hadi pembe ya mwisho. Badiliko hilo dogo ndilo lililofanya mchezo wa kuvuka uwe mchezo wa kusoma, kwa sababu anayevuka huchagua njia nyepesi, lakini anayesafisha lazima siku moja afike penye ugumu. Bill Gates mwenyewe alinaswa, hata akaufuta kwenye kompyuta yake. Kisha ikawa anakwenda kuucheza kwenye ofisi ya mwenzake.

Wa kwanza niliyemwona akiucheza kwa ustadi alikuwa mama mmoja wa masijala katika ofisi niliyofanyia kazi zamani. Kazi ya masijala ni kujua jalada liko wapi, nani amelichukua, lilirudi lini, na kama kuna karatasi iliyochomolewa katikati. Mama huyo alikuwa na kipaji cha kupata jalada lililopotea kwa kutazama yale ambayo hayakupotea. Saa ya chakula wenzake wakishuka kwa mama ntilie, yeye alikula alichokuja nacho na kufungua ubao wa mabingwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, ila usiniguse meza."

Nikamwuliza anajuaje pa kubofya.

"Sijui chochote mimi, nasoma tu. Haya, hapa pameandikwa nini?"

Kulikuwa na mstari wa namba tatu zilizofuatana: moja, mbili, moja. Mbele yake kulikuwa na ukuta mnyoofu wa visanduku vilivyofunikwa, nyuma yake kote kumekwisha kufunuliwa. Akaniuliza bomu liko wapi. Ukimwuliza mgeni swali hilo atanyooshea kidole kisanduku kinachoitazama ile mbili, kwa sababu mbili ni nyingi kuliko moja, na penye wingi ndipo penye hatari. Mama hakungoja jibu.

"Hii mbili inadai mabomu mawili, na mbele yake ina visanduku vitatu tu. Sawa? Sasa moja hii ya kushoto inaviona viwili kati ya vitatu hivyo, na haikubali zaidi ya bomu moja. Kwa hiyo bomu la pili litatoka wapi? Lazima litoke kile cha tatu, cha kulia. Haya, geuza sasa, anza na moja ya upande huu. Na huku lazima liwe cha kushoto."

Kumbe mabomu yako mbele ya zile moja za pembeni, na mbele ya mbili hapana kitu. Akakibofya kisanduku cha katikati, kile kile ambacho kila mwoga angekikwepa, kikafunguka salama. Halafu akaongeza, kama mtu anayedai chenji yake, kwamba kwa kuwa kila moja imekwisha kupata bomu lake, basi visanduku vya pembeni zaidi, kushoto na kulia, navyo ni vyeupe. Namba tatu zimempa bendera mbili na visanduku vitatu salama, na katika yote hayo bahati haikuhusika hata chembe.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndani yake mna mchezo wote. Namba moja ikisimama peke yake aghalabu haisemi jambo la maana. Ile mbili ingekuwa peke yake ingetuacha na vitatu vyenye shaka. Maarifa yanatoka pale namba mbili zinapogombania visanduku vile vile, ukauliza ipi inaweza kuvumilia madai ya mwenzake. Pembeni mwa ubao kuna sura nyingine ya jambo hilo, nyepesi zaidi: moja na moja zikianzia ukutani, ya kwanza inaona visanduku viwili tu, ya pili inaviona hivyo hivyo pamoja na cha tatu. Bomu la kwanza limo ndani ya vile viwili, na ya pili nayo inadai moja tu. Basi cha tatu ni salama, ijapokuwa bado hujui bomu limo katika kipi kati ya vile viwili. Hapo napastaajabia kila mara. Unaweza kuwa na hakika kamili juu ya kitu, huku jirani yake ukiwa gizani kabisa, na hakika yako isipungue kwa ajili ya giza lile.

Ukikaa na mchezaji wa namna hiyo utaona tofauti moja ya macho. Mgeni hutazama visanduku vilivyofunikwa, akivikodolea kana kwamba vitamnong'oneza. Fundi hutazama vilivyokwisha kufunuliwa. Anajua kwamba kilichofunikwa hakina la kusema, na kwamba kila atakachokijua kuhusu hicho kimekwisha kuandikwa mahali pengine, huenda visanduku vitatu upande wa pili. Akikwama hakazi macho pale pale. Anauzunguka mpaka mzima wa eneo lililo wazi kutoka mwanzo, namba kwa namba, na kila namba anaipunguzia kilichokwisha kujulikana. Tatu iliyokwisha kupata bendera moja ni mbili. Nne yenye bendera tatu ni moja, na inasomeka kama moja. Ubao unaotisha kwa wingi wa nne na tano, ukishaufanyia utoaji huo, unarudi kuwa moja, mbili, moja.

Baada ya muda sura hizi huonekana zenyewe bila kufikiri, na hapo ndipo pana mtego. Ile moja-mbili-moja ni kweli tu ikiwa nyuma yake kote kumefunuliwa. Kikibaki kisanduku kimoja upande wa pili, hoja yote inavunjika, na sura inabaki ile ile machoni. Waliokariri sura peke yake hufia hapo, tena kwa kasi, tena wakiwa na uhakika. Mama wa masijala alikuwa na tabia ya kusitisha mshale wa kipanya kidogo juu ya sura aliyoifahamu vizuri kabisa, akaangalia nyuma yake, ndipo akabofya. Kwenye sura ngeni alichukua muda mrefu kwa sababu hakuwa na budi. Lakini kwenye ile aliyoizoea, kule kusita kulikuwa kwa hiari, na mimi hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote.

Nimesema bahati haikuhusika, na wanaoujua mchezo huu watakuwa wamekwisha kununa. Inahusika. Tangu bofyo la kwanza unatembea gizani, ingawa Donner na Johnson waliweka huruma moja: katika ule wa Windows bofyo la kwanza haliui. Ukiangukia bomu, programu inalihamisha kimyakimya hadi pembe ya juu kushoto, au panapofuata kama pembe hiyo ina bomu tayari. Hata hivyo bofyo la kwanza lina ufundi wake. Katika ubao wa mabingwa, ukianzia katikati, uwezekano wa kupata eneo lililo wazi ni kama mara moja katika sita, kwa kuwa majirani wote wanane lazima wawe hawana bomu. Ukianzia pembeni kabisa, kwenye kona, majirani ni watatu tu, na uwezekano unapanda hadi karibu nusu. Ndiyo maana utaona wazoefu wanaanza konani.

Lakini tuseme umebofya katikati, ukapata moja iliyo pweke, imezungukwa na visanduku vinane vilivyofunikwa, na hapana kingine cha kusoma. Utabofya wapi sasa? Silika inasema kimbia mbali na ile moja, kwani imekwambia wazi kwamba jirani yake kuna bomu. Hesabu inasema kinyume. Karibu na ile moja kuna bomu moja katika visanduku vinane. Mbali nayo, mabomu 98 yametawanyika katika visanduku 471, yaani zaidi ya moja katika kila vitano. Pale palipotajwa hatari ndipo penye usalama zaidi, kwa sababu hatari yake imepimwa. Ingekuwa ni mbili badala ya moja, hesabu ingegeuka, maana mawili katika vinane ni robo, na hapo kukimbia ndiyo busara. Tofauti ya namba moja tu inageuza uamuzi wote. Nawajua watu wazima wenye shahada ambao hawakubali hoja hiyo hadi uwaandikie kwenye karatasi, na wengine hata ukiwaandikia.

Kuna mahali hata karatasi haisaidii. Mwisho wa mchezo, mara nyingi konani, hubaki visanduku viwili na bomu moja, na kila namba inayoviona inaviona vyote viwili. Ongeza akili, ongeza muda, itabaki nusu kwa nusu. Wachezaji wengi hapo huinua mikono kwenye kipanya, wakajifuta jasho, wakatazama skrini dakika nzima kana kwamba wanasali. Wenye ufundi wanabofya mara moja na kuendelea.

Kuna kubahatisha kwa namna mbili, zinazofanana kwa sura na zisizofanana kwa lolote jingine. Kuna mahali ambapo leo hupajui, lakini ukisafisha upande wa pili wa ubao, namba mpya huenda ikafika ikapafungua. Hapo kubahatisha sasa hivi ni uvivu, hata ukipatia. Anayejua kazi anapaacha, anaendelea kwingine, anarudi akiwa na habari zaidi. Na kidude cha juu kushoto kinachohesabu mabomu yaliyobaki mara nyingi ndicho kinachomaliza shauri mwishoni, kwani kikionyesha 1 wakati wewe ulikuwa unafikiria mawili, nusu ya mawazo yako imekwisha kufutika. Na kuna mahali ambapo hapatapata habari mpya kamwe: pamezingirwa, namba zote zinazopahusu zimekwisha kusema. Hapo kungoja hakuongezi kitu. Tena ni heri upabahatishe mapema, mchezo ungali mchanga, kuliko kusafisha visanduku mia nne kwa jasho kisha ukafia kwenye shilingi ya kurushwa ambayo ilikuwa inakungoja tangu dakika ya kwanza. Kuzitambua hali hizo mbili, na kutozichanganya, ni kazi ngumu kuliko kukariri sura mia moja.

Ugumu huo una ithibati ya wanahisabati pia. Mwaka 2000 Richard Kaye wa Chuo Kikuu cha Birmingham alithibitisha kwamba swali linaloonekana dogo, yaani kama ubao uliofunuliwa nusu unaweza kuwa na mpangilio wowote wa mabomu usiopingana na namba zake, limo katika lile kundi la maswali magumu ambalo hakuna ajuaye njia ya haraka ya kuyajibu yote, wala hakuna aliyethibitisha kwamba njia hiyo haipo. Taasisi ya hisabati ya Clay iliahidi dola milioni moja kwa atakayelimaliza shauri hilo, na ahadi ilitangazwa mwaka huo huo. Miaka 11 baadaye Allan Scott, Ulrike Stege na Iris van Rooij wakasahihisha kwa upole: mchezaji haulizi swali la Kaye hasa, kwa kuwa ubao anaopewa haujipingi kamwe, anachouliza ni kama kipo kisanduku kinachoweza kujulikana kwa hakika. Wakaonyesha kwamba hata hilo ni gumu. Kwa hiyo yule aliyekaa mbele ya ubao akijiuliza kama kuna kitu amekikosa, au kweli hakuna, anahangaika na jambo zito kuliko anavyodhani bosi wake.

Upande wa kasi ni ulimwengu mwingine, nami naupita haraka kwa sababu unanivutia kidogo kuliko huu wa kusoma. Mpoland Kamil Murański aliweka rekodi za mbao zote tatu ambazo zikijumlishwa hazifiki sekunde 40. Ukitazama watu wa aina yake, huoni hoja yoyote ikipita. Unaona mshale unateleza na ubao unapasuka nyuma yake. Wana mbinu ya kubofya vitufe vyote viwili kwa pamoja juu ya namba iliyokwisha kutimiziwa bendera zake, na majirani wote waliobaki hufunguka kwa mkupuo mmoja. Wengine hawaweki bendera kabisa. Kwao bendera ni muda uliopotea, kwani bomu walijualo hawana haja ya kuliandika. Mabishano kati ya kambi hizi mbili hayajaisha, na kwa saa wenye kuacha bendera wana hoja nzuri. Mimi hata hivyo napenda kutazama wanaozipachika. Ubao wao ukisimamishwa katikati unasomeka: hapa alijua, hapa alikuwa bado, hapa aliruka akaahidi kurudi. Ubao usio na bendera ni kazi iliyofanyika kichwani mwa mtu mwingine, na mtazamaji hana pa kuingilia.

Kuna jambo la mabomu yenyewe. Bomu la kutegwa ardhini si kitu cha mchezo, na wapo waliolisema hilo mapema; Italia kulikuwa na watu walioona ni utovu wa adabu kufanya mzaha kwa silaha inayokata miguu ya watoto. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 ilimpa mchezaji hiari ya kubadili mabomu yawe maua. Namba zilibaki zile zile, hoja zile zile. Mimi naona walalamikaji walikuwa na haki, na kwetu hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Jirani zetu wa Msumbiji waliishi na mabomu ya vita vyao kwa miongo, hadi Septemba 2015 nchi ilipotangazwa kuwa imesafishwa. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na panya buku waliofundwa Morogoro.

Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, linawafunza panya hao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya buku haoni vizuri, lakini pua yake inainusa baruti iliyo chini ya udongo, na uzito wake hautoshi kulipua bomu. Anafungwa mkanda mwilini, mkanda unaning'inia kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili, naye anakwenda na kurudi, mstari baada ya mstari, hadi eneo lililopimwa limalizike. Akinusa anachokitafuta anakwaruza ardhi. Akipatia, kifaa kinalia "ta!" na anapewa ndizi. Yule aliyevuma kuliko wote, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA; alikufa Januari 2022. Kinachomfanya panya awe mwepesi kuliko mtu mwenye mashine ya kutambua chuma ni kwamba mashine inalia kwa kila msumari, kila kizibo cha soda, kila ganda la risasi, na kila mlio lazima uchimbwe taratibu. Panya hajali chuma. Anatafuta kitu kimoja.

Katika kazi ile hakuna moja katika nane. Hakuna mtegua mabomu anayeridhika kwamba kipande fulani "huenda" ni salama, wala anayebahatisha mapema ili asipoteze muda. Hapo mchezo na kazi vinaachana, na ni vizuri mchezaji akumbuke kwamba hekima yote niliyoisifu huko juu inawezekana tu kwa sababu anayekufa ni kiuso cha njano, na kukibofya kunakifufua.

Mwaka 2012 Windows 8 ilikuja bila Minesweeper ndani yake, ikabidi anayeutaka aufuate mwenyewe. Siku hizi umejaa kwenye simu na kwenye vivinjari, katika matoleo ya kila aina. Toleo moja linanipa mawazo: lile la Mwingereza Simon Tatham, katika mkusanyo wake wa mafumbo anaoutoa bure. Programu yake, kabla ya kukupa ubao, inajiridhisha kwamba unaweza kumalizika kwa hoja tupu, bila kubahatisha hata mara moja. Wengi husema huo ndio mchezo ulivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Ukizingatia kwamba katika ubao wa mabingwa wa kawaida hata programu bora kabisa za kukokotoa hushinda kama mara nne tu katika kumi, huwezi kuwalaumu.

Nimeucheza sana huo wa Tatham, ni mzuri, na kwa kujifunza kusoma hauna mfano. Lakini unampa mchezaji siri moja ambayo haikuandikwa popote ubaoni. Akikwama anajua tayari kwamba jibu lipo. Kazi yake ni kulitafuta tu, na mtu anayejua kwamba jibu lipo hutafuta kwa nguvu nyingine kabisa. Ubao wa zamani haukuahidi chochote. Ukikwama, swali la kwanza ni kama kuna cha kutafuta, na kulijibu ni juu yako, na unaweza kulikosea kwa pande zote mbili: ukabahatisha penye jibu, au ukakesha pasipo na jibu. Kwa hiyo mimi nimebaki na ule wa zamani, pamoja na kona zake za dhuluma.

Anayetaka kuanza asianzie ubao wa wanaoanza. Ule una mabomu machache mno; eneo kubwa hufunguka kwa bofyo moja, unamaliza kabla hujasoma namba yoyote, na unaondoka ukidhani umeucheza. Aanze na wa kati, mabomu 40, na mwanzoni apachike bendera zote hata kama wenye kasi wanamcheka.